Mtoto hana virusi, lakini kliniki bado inamhusu

Mama anayeishi na VVU akiambiwa mwanawe hana virusi, huonekana kama ametua mzigo wa kuni. Si ajabu. Pasipo dawa, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa. Mama wakitumia ARV ipasavyo, hata 5 hawafiki. Hofu yangu huanzia hapo. Kadi inakunjwa, inatiwa chini ya nguo sandukuni, na mtoto haonekani tena.

Majibu hayo ya kwanza si ya mwisho. Damu inayotolewa kisiginoni mtoto akiwa na wiki 4 hadi 6 hutafutwa virusi vyenyewe, maana kingamwili (chembe za kinga ambazo kipimo cha kawaida huzitafuta) alizorithi kwa mama zinaweza kubaki mwilini hadi miezi 18 na kukifanya kipimo cha kawaida kidanganye. Anayenyonya hupimwa tena, na jibu la kufunga hesabu hupatikana baada ya kuachishwa ziwa.

Halafu kuna ubongo. Mtoto huzaliwa na ubongo wa takriban robo ya ule wa mtu mzima. Akifika miaka 3, umeshakaribia asilimia 80. Virusi vikimpata mapema, navyo huingia ubongoni mapema, ndiyo maana aliyeambukizwa haambiwi asubiri. Utafiti wa CHER wa Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema, kabla ya wiki 12, kulipunguza vifo vya watoto hao kwa asilimia 76. Baadaye ilionekana pia kwamba walioanza mapema walikuwa mbele kimaendeleo kuliko waliocheleweshwa.

Na yule asiye na virusi? Wengi wao hukua vizuri kabisa, nalisema hili kwa herufi kubwa. Hata hivyo, utafiti wa Drakenstein, karibu na Cape Town, uliona kwamba katika umri wa miaka 2 watoto hao walichelewa lugha zaidi ya wenzao ambao mama zao hawana VVU. Sababu si moja. Kinga ya mama inayopambana na virusi wakati wa ujauzito huweza kugusa mazingira ya mimba. Wengine huzaliwa njiti. Upungufu wa damu na dhiki ya nyumbani navyo vina sehemu yao. Mama wengine huniuliza kama dawa ndizo zenye kosa. Jibu langu ni fupi: usiache dawa. Virusi visivyodhibitiwa ndivyo vinavyomdhuru mama na mtoto.

Kinachonisumbua zaidi kliniki ni kimya. Mama ananyonyesha macho yakiwa ukutani, siri imemkaba, na mtoto anamtazama usoni akisubiri. Sonona ya namna hiyo inatibika, iseme kwa muuguzi. Mtoto naye azungumzishwe tangu siku ya kwanza: akisema “aguu”, mjibu “aguu”, kisha nyamaza umpe zamu yake. Utaona miguu inarusharusha. Hapo ndipo lugha inapojengwa, na hakuna duka linalouza kifaa cha kuipita kazi hiyo.

Mhudumu akizungusha utepe kichwani mwa mtoto kupima ukuaji wa kichwa, mwombe aandike namba kwenye kadi. Miezi 2 atabasamu. Miezi 4 shingo iwe imekaza. Miezi 9 akae bila kushikwa na ageuke ukimwita jina. Miezi 18 awe anatembea na ana maneno machache. Kuchelewa kidogo kwa jambo moja si balaa. Ila aliyekuwa akikaa na sasa anaanguka, aliyekuwa akibwabwaja na sasa amenyamaza, au ambaye miguu imeanza kukakamaa, aletwe siku hiyohiyo, hata kama tarehe ya kliniki bado wiki tatu.