Hujakodisha ng'ombe, umeingia ubia

Neno "kukodisha" nimelisikia tena likitumiwa vibaya juma hili, safari hii ndani ya matatu kutoka Njoro kwenda mjini Nakuru. Mzee mmoja aliyeketi karibu nami anamwambia mwenzake: "Nimemkodishia jamaa wa Rongai ng'ombe watatu, ndama tutagawana." Nikauma ulimi. Mkigawana ndama, hakuna aliyekodisha kitu.

Ubia wa ng'ombe ni mapatano: mmoja ana ng'ombe, mwingine ana shamba lenye nyasi na maji, wanafuga pamoja na kugawana kinachozaliwa. Pengine shamba na ng'ombe ni vya mtu mmoja, mwenzake analeta mikono yake tu. Ni hivyo tu.

Neno lenyewe ndilo tamu. Mbia anatokana na bia, na sisemi ile ya chupa. Bia ya zamani ni kuchanga: watu wakienda bia, kila mtu anatoa chake, kisha wanakula pamoja. (Wapo waliofuga kwa bia ya kwanza wakamalizia kwenye ya pili, lakini hayo tuyaache.) Kodi haina kula pamoja. Kodi hulipwa mvua inyeshe isinyeshe, ng'ombe azae asizae.

Tuseme ng'ombe amekufa kwa ugonjwa wa kupe kabla hajazaa. Aliyekodi malisho bado anadaiwa. Mchungaji wa mshahara bado anadai mwezi wake. Wabia je? Mmoja amepoteza mnyama, mwingine amepoteza nyasi na miezi ya jasho, na hakuna wa kumdai mwenzake, ila ikijulikana kwamba josho lilirukwa kwa uzembe. Hapo ndipo utajua mlichopatana ni kitu gani, hata kama mlikiita vingine.

Tena jina linaweza kuwaletea shida. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, inataka idhini ya bodi ya ardhi kwa ukodishaji wa shamba la kilimo katika maeneo inayoyasimamia, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mpatane. Bila idhini, mapatano ni batili. Sasa nyinyi mliokusudia ndama mnaenda kuandikishana "nimemkodishia shamba" kwa nini?

Wengine husema, "Ah, hiyo ni kimanagan tu." Sio. Kimanagan ya Wakipsigis na Wanandi ni kumweka ng'ombe wako kwa rafiki ili ugonjwa au wezi wasimalize mali yako yote katika boma moja. Anayemtunza hunywa maziwa, lakini ng'ombe na uzao wake hubaki wako, hata kama siku moja utamtunuku mtamba, yaani jike ambaye hajazaa, kwa wema wake. Kisumu nako utasikia singo, na singo kwa Kijaluo ni rehani: kuna deni ndani yake. Kwa wabia hakuna anayemshikia mwenzake kitu. Ndama ni wa wote wawili tangu anapoanguka chini.

Na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu ndama hakatwi katikati. Ng'ombe hubeba mimba miezi 9 na kidogo, kwa kawaida anazaa mmoja, na huwezi kumwagiza azae jike. Wengi hupokezana: wa kwanza wako, wa pili wangu. Inasikika haki mpaka wa kwanza awe mtamba na wa pili awe dume, maana mtamba ni maziwa ya miaka ijayo, dume ni bei ya siku moja sokoni. Wengine humuuza kila ndama akiachishwa na kugawana pesa. Maziwa mara nyingi humwendea anayekamua, lakini hilo nalo husemwa mapema, pamoja na nani analipa dawa ya minyoo na daktari wa mifugo.

Nilipofika kwangu nilimgusa yule mzee begani. "Mzee wangu, samahani, nimesikia mazungumzo yenu. Wewe hujakodisha, umeingia ubia. Mtamba wa kwanza ni wa nani?" Akamtazama mwenzake. Nikamwambia basi apitie Rongai kabla wale ng'ombe hawajazaa.