Levothairoksini: maana yake na kazi yake mwilini

Levothairoksini ni homoni inayotengenezwa kiwandani, ikiwa sawa kabisa na thairoksini inayotolewa na tezi ya thairoidi, ile iliyoko mbele ya shingo. Hupewa mtu ambaye tezi yake imelegea, au aliyeondolewa tezi hiyo kwa upasuaji, na kazi yake si kuiponya tezi bali kujaza pengo la homoni inayokosekana. Hapo ndipo wagonjwa wengi hujikwaa: uchovu umekwisha, baridi haisumbui tena, mtu anaacha dawa akidhani amepona, kumbe nafuu yote ilitoka kwenye kidonge. Kwa kuwa dawa hii hukawia kutoka mwilini, ikipungua nusu kwa takriban siku 7, anayeiacha haoni tofauti kesho yake. Dalili hurejea polepole, wakati mwingine baada ya wiki kadhaa, na yeye hazihusishi tena na dawa aliyoiacha.

Kidonge chenyewe ni kidogo sana, na dozi yake huhesabiwa kwa maikrogramu, yaani sehemu moja ya elfu ya miligramu. Humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai ya asubuhi. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki vina madini ya chuma, ambayo huishika dawa tumboni isifyonzwe vizuri, kwa hiyo vipishane nayo kwa saa 4. Vya kalisi ni vivyo hivyo. Mjamzito ndiye ninayemhofia zaidi, kwani mahitaji yake ya homoni hupanda tangu wiki za mwanzo, na ubongo wa mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama. Amwone daktari mara tu anapojua ana mimba, ili apimwe damu na dozi irekebishwe. Kwa wengine, kipimo hicho, kiitwacho TSH, hurudiwa wiki 6 hadi 8 baada ya dozi kubadilishwa.

Isidhaniwe kuwa ni sawa na kabimazoli, dawa nyingine ya tezi hiyo, ambayo hufanya kinyume: huizuia tezi iliyozidisha kasi isitengeneze homoni nyingi. Kwa nadra, kabimazoli hushusha mno chembe nyeupe za damu, hivyo anayeitumia akipatwa na homa au maumivu ya koo aisimamishe na kwenda kupimwa damu siku hiyohiyo.