Rejeta haisikii namba: dhana potofu kuhusu vali za thermostati

Baridi ikianza Ulaya, malalamiko ya ndugu zetu waliopanga huko ni yaleyale, kuhusu rejeta, vile vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji ya moto kupasha chumba, na vali inayoyapitisha au kuyabana maji hayo. Nimeweka namba 2 chumba kinachemka, nimeweka 5 bado natetemeka, hii vali imekufa. Mara nyingine imekufa kweli. Mara nyingi zaidi ni nzima, ila inatii kitu ambacho mwenyewe hakijui.

Kile kichwa cha kawaida chenye namba pembeni ya rejeta, yaani thermostati inayoiongoza vali, hakina umeme wala akili. Ndani yake mna kikopo kilichojaa nta, kimiminika au gesi. Hewa inayokizunguka ikipata joto, kilichomo hutanuka na kusukuma pini ya vali, na njia ya maji ya moto hubanwa. Hewa ikipoa, kikopo husinyaa, springi huirudisha pini nje, maji yanapita tena. Mads Clausen wa Denmark, mwanzilishi wa kampuni ya Danfoss, alikibuni mwaka 1943, na namna ya kufanya kazi haijabadilika sana tangu hapo.

"Ukifungua hadi 5, chumba kitawahi kupata joto"

Dhana hii ndiyo inayokula pesa za watu. Tumezoea bomba: ukifungulia zaidi, maji yanatoka mengi. Namba za thermostati hazihesabu maji, zinataja joto la chumba unalolitaka. Kwenye vichwa vingi 1 ni kama nyuzi 12, 2 ni 16, 3 ni 20, 4 ni 24 na 5 ni 28. Vile vimistari kati ya 3 na 4 ni kama uzi mmojammoja.

Chukua chumba chenye nyuzi 14. Vali iliyowekwa 3 hapo iko wazi, na iliyowekwa 5 iko wazi vilevile. Rejeta inapata maji yaleyale. Tofauti inakuja baadaye. Ya namba 3 itaanza kujibana chumba kikikaribia nyuzi 20, na ya 5 itaendelea kumwaga joto hadi ufungue dirisha kwa kero. Hapo ndipo mtu anasema vali haidhibiti, kumbe yeye ndiye aliyeiagiza nyuzi 28.

"Rejeta ikiwa baridi, ni mbovu"

Hapana. Chumba kikifika kwenye joto uliloomba, rejeta inatakiwa ipoe. Anayeigusa kwa kiganja saa hiyo na kukuta ya baridi anadhani imeharibika, wakati imemaliza kazi yake. Kupapasa rejeta hakukwambii joto la chumba. Nunua kipimajoto cha bei rahisi, kiweke mezani mbali na rejeta na dirisha, milango ikiwa imefungwa, usubiri saa moja au mbili. Kikisoma karibu na 20 na vali iko kwenye 3, huna tatizo la vali.

Hata rejeta yenye moto juu na uvuguvugu chini haina neno. Ndivyo inavyokuwa vali ikiwa imejibana nusu. Ikiwa kinyume chake, chini moto na juu baridi, kuna hewa ndani, itolewe kwa ule ufunguo mdogo wa tundu la hewa la rejeta. Na ikiwa vali iko wazi kabisa lakini sehemu ya katikati chini haipati moto hata kidogo, hapo pana tope la kutu, nalo ni kazi ya fundi.

"Thermostati inapima joto la chumba"

Hapa pana ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayosumbua. Inapima hewa iliyokigusa kile kichwa, basi. Chumba kizima kinaweza kuwa na nyuzi 16 huku pale kwenye kona, nyuma ya pazia zito, hewa ikiwa na nyuzi 22. Vali inasikia 22, inafunga. Wewe uko kwenye kochi na blanketi.

Kwa hiyo kabla ya kumwita mtu, tazama kilichokizunguka kichwa. Pazia linaloshuka hadi sakafuni likafunika rejeta. Kochi lililosukumwa hadi ukutani. Ubao wa dirisha uliotokeza juu yake. Taulo na kanga zilizoanikwa zikae zikauke. Sisi na kuanika nguo juu ya rejeta, bila kupepesa macho. Vyote hivyo vinafungia joto pembeni ya kichwa na kuidanganya vali. Angalia pia kichwa kimeelekea wapi. Kinatakiwa kilale, kitokeze mbele kuelekea chumbani. Kikisimama wima juu ya bomba la moto, joto la bomba linapanda moja kwa moja na kukigonga.

Kinyume chake pia kipo. Ukifungua dirisha lililo juu ya rejeta na kuliacha hivyo, hewa ya nje inashuka juu ya kichwa, vali inaamini chumba kimeganda na inafunguka yote. Joto linaenda barabarani. Ukitaka kubadilisha hewa, shusha vali kwanza, fungua madirisha wazi kwa dakika chache, funga, kisha rudisha namba yako.

Kama rejeta imejificha kwa namna ambayo huwezi kuibadilisha, kuna vichwa ambavyo kipimio chake kinawekwa mbali, ukutani, kikiunganishwa kwa mrija mwembamba.

"Kinyota ndiyo kuzima"

Alama ya kinyota cha theluji iliyo kwenye kichwa, chini ya namba 1, ni kinga ya mabomba yasigande. Kwenye nyuzi 6 hadi 8 hivi vali hujifungulia yenyewe. Rejeta ikipata moto usiku wa baridi kali wakati dirisha liko wazi, hakuna jini.

"Haifungi au haifunguki, basi ing'olewe yote"

Vali ina sehemu mbili, kichwa na mwili, na zinaharibika kwa sababu tofauti. Zitenganishe kwanza.

Zungusha kichwa hadi 5 ili springi isikisukume. Legeza pete inayokishikilia, kwa mkono au spana. Aina nyingine hushikwa kwa kibanio. Kichwa kinatoka bila tone la maji, kwa sababu maji yamezuiwa na mwili wa vali. Utaona kipini chembamba kimechomoza katikati. Kibonyeze kwa kitu bapa kigumu, kama upande wa spana. Kinatakiwa kiingie milimita chache kwa kupingana nawe, kisha kiruke kutoka ukikiachia.

Kisiporuka, kimekwama ndani, na ndiyo maana rejeta haipati moto hata ukiweka 5. Hutokea sana mwezi wa 10, baada ya vali kukaa imefungwa majira yote ya joto. Tone la mafuta ya kulegeza kutu, gonga mwili wa vali kwa pembeni taratibu kwa mpini wa bisibisi, bonyeza, achia, rudia. Usikivute kwa koleo! Ukiking'oa, maji ya moto yenye presha, meusi ya miaka mingi, yatatoka kupitia tundu lile, na zulia halitasafishika. Kikikwama nje, kigumu hakibonyezeki, ndipo rejeta inawaka muda wote hata ukiteremsha namba.

Kipini kikicheza vizuri na rejeta ikapata moto bila kichwa, mgonjwa ni kichwa. Kikopo kimevuja au kimechoka. Hununuliwa peke yake. Saizi ya parafujo ya pete inayoitwa M30 x 1.5, yaani upana wa milimita 30, ni ya kawaida sana, ingawa watengenezaji wengine wana kishikio chao. Na ukibonyeza kipini hadi mwisho lakini rejeta haipoi, kuna uchafu pale ndani vali inapofungia maji, au vali ya zamani imewekwa kinyume na mshale unaoonyesha maji yanakoelekea. Hiyo ya mwisho mara nyingi hugongagonga kama nyundo. Mwite fundi.

Majira ya joto yakija, acha vali kwenye 5. Kipini hakitabanwa miezi yote hiyo.

"Vali ikiwa nzima, joto lazima lije"

Vali hubana maji, haichemshi. Uingereza nyumba nyingi zina thermostati ya ukutani, mara nyingi sebuleni au kwenye korido, inayowasha na kuzima bolia, ile mashine inayochemsha maji. Sebule ikipata joto mapema, bolia inazima na chumba cha kulala kinabaki na vali iliyo wazi na maji yaliyopoa. Na ukiweka vali yenye kubana kwenye chumba chenye thermostati hiyo, zinashindana: vali inazuia joto, ukuta unaendelea kudai. Iache vali wazi kwenye chumba hicho. Ujerumani, kwenye majengo yenye bolia moja kwa wote, mfumo mara nyingi hupunguza joto la maji usiku, kwa hiyo uvuguvugu wa saa tano usiku si kosa la kichwa chako.

"Mpangaji ajitengenezee"

England, sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya 1985, kifungu cha 11, inambebesha mwenye nyumba ukarabati wa mfumo wa kupasha joto katika upangaji wa kawaida. Ujerumani nako, kwa kawaida, thermostati iliyokufa ni mzigo wa mwenye nyumba. Mwandikie, sio kumpigia tu: namba uliyoweka, joto lililosomwa mezani, saa na tarehe. Na kile kidude kidogo kilichobandikwa mbele ya rejeta za Ujerumani hakihusiani na hitilafu hizi. Ni cha kugawanya gharama za joto kati ya wapangaji, kina muhuri, usikiguse.