Je, wajua kwa nini Charles Mingus aliacha chelo akashika besi?

Ukiitazama okestra ya taarab ya Unguja utaiona huko nyuma: fidla kubwa kuliko mpigaji wake, imesimamishwa wima, inadundwa kwa vidole. Hiyo ndiyo besi iliyompa jina Charles Mingus, mmoja wa watunzi wakubwa wa jazi ya Marekani. Lakini hakuanza nayo. Alipenda chelo, ndugu mdogo wa besi anayepigwa kwa upinde, akaiacha kwa sababu ya rangi ya ngozi yake.

Mingus alizaliwa Nogales, Arizona, mwaka 1922, akakulia Watts, Los Angeles. Alianza na tromboni, kisha chelo, moyo wake ukiwa kwenye muziki wa klasiki. Rafiki yake Buddy Collette, mpiga saksofoni, ndiye aliyemfungua macho: mtu mweusi, hata apige vizuri vipi, mlango wa okestra umefungwa, heri ajifunze besi, ambayo angalau ina kazi kwenye bendi za jazi. Hakutia chumvi. Okestra ya New York Philharmonic ilimwajiri mwanamuziki wake wa kwanza mweusi wa kudumu, mpiga fidla Sanford Allen, mwaka 1962. Mwaka huo Mingus alitimiza miaka 40.

Kuhama kwenyewe si mchezo. Nyuzi za chelo hupishana sauti tano, za besi nne, kwa hiyo vidole vinaanza darasa la kwanza upya. Aliyemnoa kwa miaka mitano alikuwa Herman Reinshagen, ambaye kumbe aliwahi kupiga besi kwenye New York Philharmonic hiyohiyo. Ujuzi wa okestra alipewa, kiti akanyimwa.

Nadhani ndiyo maana besi yake haikubali kukaa nyuma. Kwa kawaida besi hushika mapigo na kuwatandikia wenzake njia. Msikilizaji huihisi kifuani kabla ya kuisikia. Mingus aliiimbisha kama chelo. Tarehe 15 Mei 1953 alipiga Massey Hall, Toronto, pamoja na magwiji wa jazi Charlie Parker, Dizzy Gillespie, Bud Powell na Max Roach. Kanda iliposikilizwa, besi ilikuwa imemezwa. Mingus akaingia studio, akairekodi tena juu ya ile ya awali! Nani angemzuia? Kampuni ya santuri, Debut, ilikuwa yake na Roach.

Hasira nazo alikuwa nazo. Mwaka huohuo Duke Ellington, bwana aliyemhusudu kuliko wote, alimfukuza kazi baada ya siku chache tu, kwa ugomvi na mpiga tromboni Juan Tizol. Mwaka 1959 Mingus alimkejeli kwa wimbo Orval Faubus, gavana wa Arkansas aliyewazuia wanafunzi tisa weusi kuingia shule ya Little Rock mwaka 1957. Santuri ya kampuni ya Columbia ilitoka bila maneno ya wimbo huo; maneno yalisikika kwenye santuri ya kampuni nyingine, iliyorekodiwa 1960.

Wanamuziki wake mara nyingi hakuwapa karatasi za noti. Aliwaimbia tungo mpaka ziwakae masikioni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ugonjwa wa neva unaoua misuli ulipomnyang'anya mikono, njia iliyobaki ilikuwa hiyohiyo: alikaa kwenye kiti cha magurudumu, akaziimba tungo mpya mbele ya kinasa sauti. Alifariki Cuernavaca, Mexico, tarehe 5 Januari 1979, akiwa na miaka 56.