Isome poti kabla hujaigusa: kutazama na kupanga intafesi za swichi kwa amri

Wiki iliyopita kijana ninayemfundisha kazi ya mitandao alinipigia simu kutoka Ntinda, hapa Kampala, akiwa mbele ya swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisi kupitia poti, yaani matundu ya kebo (intafesi). "Kaka, poti ya saba imekufa. Nimebadilisha kebo mara mbili, sasa nataka niizime swichi nzima niiwashe tena." Nikamwomba asiguse kitu, afungue terminali, aandike amri moja tu, kisha anisomee mstari wa poti ya saba. Akasoma: err-disabled. Poti ilikuwa nzima. Swichi yenyewe ndiyo iliyoifunga, na ilikuwa na sababu.

Naandika haya kwa ajili yake na wenzake. Wengi wetu hapa Kampala tulianza kazi hii kwa kupanda ngazi na kuvuta kebo darini, ndiyo maana mkono hutangulia macho. Lakini swichi inaweka kumbukumbu ya yale inayoyaona kwenye kila poti, saa zote. Anayeanza kwa kuisoma mara nyingi hulipata jibu akiwa bado amekaa. Mifano yangu ni ya Cisco IOS, mfumo unaoendesha swichi za Cisco, kwa kuwa ndizo swichi ninazokutana nazo zaidi.

Ingia kwa kebo ya konsoli, kasi ya biti 9600 kwa sekunde, au kwa SSH, yaani kupitia mtandao. Ukiona alama ya > andika enable, itageuka kuwa #. Amri za kutazama huanza na show, na hazibadilishi mpangilio wowote, kwa hiyo zitumie bila hofu. Ya kwanza kwangu ni hii:

show interfaces status

Port   Name        Status        Vlan  Duplex  Speed
Gi0/5  Mapokezi    connected     20    a-full  a-1000
Gi0/6              notconnect    1     auto    auto
Gi0/7  Printa      err-disabled  20    auto    auto
Gi0/8  Seva-picha  connected     30    a-half  a-100
Gi0/9              disabled      1     auto    auto

Vlan ni namba ya mtandao mdogo uliotengwa ndani ya swichi, ambao poti imewekwa. Notconnect maana yake swichi haisikii chochote upande wa pili: kebo imechomoka au imekatika, au kompyuta imezimwa. Hapo ndipo ngazi ina kazi. Disabled maana yake kuna mtu aliyeifunga poti kwa amri ya shutdown, na kabla ya kuifungua ni vizuri uulize aliifunga kwa nini. Err-disabled ni uamuzi wa swichi. Kule Ntinda sababu ilionekana kwa show port-security interface Gi0/7: mtu alikuwa amechomeka kiswichi kidogo chini ya meza, zikaonekana anwani za MAC (namba za utambulisho za vifaa) nyingi kuliko idadi iliyoruhusiwa. Kijana alikitoa kile kiswichi, akaandika shutdown kisha no shutdown, poti ikarudi. Angeifungua bila kukitoa, ingejifunga tena, naye angeendelea kulaumu kebo.

Poti inayonipa wasiwasi zaidi ni ya nane. Imeandikwa connected, taa inawaka kijani, na wengi wangeipita.

Niliwahi kuitwa mahali penye poti kama hiyo, ambapo picha za eksirei zilichukua dakika nyingi kufunguka. Wahudumu walikuwa wamechoka, wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi. Fundi aliyenitangulia alipima kwa ping, kipimo kinachotuma pakiti ndogo ya data na kungoja ijibiwe, na majibu yakarudi vizuri, akasema mtandao ni mzima, tatizo ni seva. Nikaomba nione poti yenyewe:

show interfaces Gi0/8

Amri hiyo hutoa maandishi mengi na mtu huvunjika moyo. Soma sehemu tatu tu. Mstari wa juu unasema kama poti iko up. Katikati kuna kasi na dupleksi, na pale palikuwa na Half-duplex, 100Mb/s. Chini kuna kaunta za makosa, na kaunta ya late collision ilikuwa inapanda kila niliporudia amri.

Dupleksi kamili ni barabara ya njia mbili, kila upande unatuma bila kumngoja mwenzake. Nusu dupleksi ni daraja la gari moja, lazima usikilize kama kuna anayekuja ndipo uvuke. Kwenye seva ile kulikuwa na mtu aliyelazimisha megabiti 100, dupleksi kamili, kwa mkono. Kadi iliyolazimishwa hivyo huacha kufanya mapatano ya kasi na dupleksi na mwenzake. Swichi iliyoachwa kwenye auto, yaani ijipatanishe yenyewe, inaweza kuijua kasi kutokana na ishara inayokuja kwenye waya, lakini dupleksi haina njia ya kuijua, na kanuni inasema katika hali hiyo ichukue nusu. Ile herufi a- mbele ya half inakuambia kwamba nusu hiyo swichi ilifikia yenyewe, hakuna aliyeiamuru.

Matokeo yake, seva inatuma wakati wowote inapotaka, na swichi ikisikia sauti katikati ya fremu yake (kifurushi cha data) inadhani ni mgongano, inaikata. Mgongano ukitokea baada ya baiti 64 za kwanza kupita unaitwa wa kuchelewa. Kwenye mtandao ulio sawa kaunta hiyo hukaa kwenye sifuri. Upande wa seva, zile fremu zilizokatwa huhesabiwa kama makosa ya CRC, yaani data zilizofika zikiwa zimeharibika. Ping ilipita kwa sababu ni pakiti ndogo, moja kwa sekunde, na ni nadra pande mbili zigongane. Picha kubwa ni pakiti maelfu zikienda huku majibu yakirudi, na hapo daraja linajaa.

Dawa ilikuwa kurudisha seva kwenye auto. Swichi sikuibadilisha hata neno moja. Nikaandika clear counters Gi0/8 ili kuhesabu upya, nikaomba picha ifunguliwe, nikatazama tena: sifuri, na kasi imepanda hadi 1000. Mimi sioni sababu ya kulazimisha kasi na dupleksi leo, isipokuwa kifaa cha zamani sana kisichojua mapatano, na hapo unalazimisha pande zote mbili. Gigabiti ya shaba yenyewe inahitaji mapatano ili ifanye kazi.

Sasa kuandika. Mlango wa kupanga unafunguliwa kwa configure terminal, kisha unaingia kwenye poti:

interface GigabitEthernet0/7
description Printa ya uhasibu
switchport mode access
switchport access vlan 20
no shutdown

Kama poti ni nyingi zenye kazi moja, interface range Gi0/1 - 12 itazishika zote kwa pamoja. Amri usiyoikumbuka, andika alama ya kuuliza na swichi itakuorodheshea zinazowezekana.

Kwenye IOS, ukibonyeza Enter amri imeshaanza kazi. Nilijifunza hilo kwa uchungu. Nilikuwa Kampala usiku, naongeza VLAN 30 kwenye trunki (poti inayobeba VLAN nyingi kwa pamoja) ya swichi iliyoko Arua, karibu kilomita 500. Trunki ilikuwa inapitisha VLAN 10 na 20, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeingia kupitia 10. Nikaandika:

switchport trunk allowed vlan 30

Terminali ikaganda hapo hapo. Amri ile haiongezi. Inafuta orodha yote na kuweka 30 peke yake. Nilikuwa nimeukata mtandao wa ofisi nzima, pamoja na njia yangu ya kurudi. Nikampigia askari wa zamu. "Mzee, samahani kukusumbua usiku huu. Kwenye kile kichumba kuna sanduku lenye taa nyingi, naomba uchomoe waya wake wa umeme, uhesabu hadi kumi, uurudishe." Nikasikia funguo, mlango, pumzi yake akiinama. Baada ya dakika chache akasema, "Mwanangu, taa za kijani zimerudi." Iliwezekana kwa sababu sikuwa nimehifadhi: swichi ilipoamka ilisoma usanidi, yaani mpangilio, wa zamani. Amri niliyotakiwa kuandika ni hii:

switchport trunk allowed vlan add 30

Tangu siku hiyo, kabla sijagusa trunki ya mbali naandika reload in 10. Nikijifungia nje, baada ya dakika kumi swichi itajiwasha upya na usanidi uliohifadhiwa. Kazi ikienda sawa naandika reload cancel, natazama show interfaces trunk kuhakikisha, ndipo nahifadhi. Junos, mfumo wa swichi za Juniper, ina njia bora zaidi, commit confirmed, inayorudisha mpangilio wa awali bila kuzima kitu usipothibitisha kwa wakati. Vifaa vya MikroTik navyo vina hali ya usalama ya Ctrl+X, inayofuta mabadiliko ukikatika.

Kuhifadhi ni copy running-config startup-config, au kwa kifupi write memory. Umeme wetu unavyokatika, usanidi usiohifadhiwa una maisha mafupi. Nimeshaona ofisi ikiamka Jumatatu, simu zote hazina VLAN yake, kwa sababu fundi wa Ijumaa alimaliza kazi akaondoka, na usiku wa Jumamosi umeme ukakatika hadi betri ya UPS ikaisha.

Na usiache sehemu ya Name tupu. Kijana wa Ntinda jana alinitumia mstari wa show running-config interface Gi0/7, akiniuliza kama unatosha: description Printa ya uhasibu, ghorofa ya 2, paneli B-14. Nikamjibu unatosha. Mwenzake atakayeitwa saa nane usiku atajua ngazi aiegemeze ukuta gani.