Anaposema "tutu" badala ya "kuku": maswali ya wazazi wa Moshi

Maswali haya nayasikia kila siku ya kliniki, mama zetu wakiwa kwenye foleni ya mizani na watoto mgongoni. Mimi ni muuguzi, nayajibu hapa kama ninavyoyajibu pale.

Mwanangu ana miaka miwili na nusu. Kuku anamwita "tutu", gari ni "gali", samaki ni "maki". Ana tatizo?

Hana, mama. Anaongea kama umri wake. Sauti za midomo, p, b na m, hutangulia. Mtoto anaiona midomo yako ikifumba na kufumbua. K na g hutoka nyuma kinywani, pasipoonekana, kwa hiyo wengi huzisogeza mbele zikawa t na d. R inataka ulimi utetemeke, ndiyo maana huchelewa, pamoja na th na dh. Kuhusu "maki", kisikilize Kiswahili chenyewe: mkazo tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, sa-MA-ki. Mtoto anashika panaposikika zaidi, mwanzo anauacha. Baiskeli huwa "keli" kwa sababu hiyo hiyo.

Nyumbani tunamwigiza, "njoo unywe tai". Na kwenye simu tunaandikiana "thatha" na "jomoni". Tunamharibu?

Maandishi hayamdhuru, kusoma bado hajui. Angalieni ya mdomoni. Ile sauti ya kubembeleza, nyembamba na ya polepole, endeleeni nayo kabisa, inamtuliza asikilize. Ila neno lenyewe liwe zima. Akisema "nataka tai", msimfokee "sema vizuri!" wala msirudie "tai". Mjibuni: "Unataka chai? Haya, chai hii hapa, chai ya moto." Amelisikia mara tatu bila kuaibishwa. Huwa naumia mtoto akisimamishwa sebuleni mbele ya wageni aseme "tutu" mara kumi watu wacheke. Siku akitambua kwamba anachekwa, ananyamaza.

Bibi yake anaongea naye Kichaga, sisi Kiswahili. Hiyo inamchanganya?

Hapana, mwacheni bibi aendelee. Mkihesabu maneno yake, hesabuni ya lugha zote mbili.

Jirani anasema akatwe kimeo.

Tafadhali sana, usikubali. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, na hakimzuii mtoto kutamka k wala r. Akikatwa mtaani, damu inaweza kugoma kukatika, kidonda kikaoza, akapata pepopunda, au virusi vya ukimwi kutoka kwa aliyekatwa kabla yake kwa wembe huo huo. Uzi wa chini ya ulimi ukiwa mfupi ni jambo jingine. Hilo lipo kweli, lakini hupimwa hospitalini, na watoto wengi hawahitaji kukatwa chochote.

Sasa niwe na wasiwasi lini?

Ametimiza mwaka na hatoi hata "bababa". Ana miezi 18 hana neno. Ana miaka 2 haunganishi mawili, kama "mama njoo". Ana miaka 4 na mgeni hamwelewi. Na umri wowote ule, akipoteza maneno aliyokuwa nayo, usisubiri hata wiki.

Kitu cha kwanza kukiuliza ni masikio. Mafua ya mara kwa mara huweza kuacha maji nyuma ya kiwambo cha sikio, akawa anasikia kama aliyezama ndani ya maji, na sauti nyepesi kama s na f zikampita. Mchunguze: ukimwita kutoka nyuma haitiki? Anaisogelea redio? Sikio linatoa usaha? Usilitie mafuta wala maziwa ya mama. Anzia zahanati iliyo karibu, na ikibidi watakuandikia rufaa. KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi, wana idara ya masikio, pua na koo. Nenda na kadi ya kliniki na karatasi yenye maneno yake yote, uyaandike vile vile anavyoyatamka, "tutu" ibaki "tutu", na pembeni maana yake.