Wimbo wa Kisanaa: Mtunzi wa Muziki Anapolisoma Shairi la Kale

Wimbo wa kisanaa ni utunzi ambamo mtunzi wa muziki huchukua shairi lililokwisha kuandikwa, aghalabu la mshairi mashuhuri aliyefariki zamani, na kulitungia muziki wa mwimbaji mmoja na piano, noti zote zikiwa zimeandikwa karatasini. Huimbwa ukumbini mbele ya watu walioketi kimya, bila kipaza sauti. Hauna maleba wala maigizo, na hapo ndipo unapoachana na opera, yaani tamthilia inayoimbwa. Ulistawi katika nchi zinazozungumza Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 19, hasa kwa kazi ya Franz Schubert, aliyefariki mwaka 1828 akiwa na umri wa miaka 31 na kuacha nyimbo zaidi ya 600 za namna hiyo.

Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza jipya liko wapi, maana ushairi wetu wa jadi umezoea kughaniwa na kuimbwa. Tofauti iko katika matumizi ya mahadhi. Mahadhi ya utenzi hurudiwa ubeti baada ya ubeti, na yanaweza kuhamia kwenye utenzi mwingine ilimradi mizani ikubali. Zipo nyimbo za kisanaa zinazorudia mahadhi hivyo hivyo, lakini nyingi, hasa za karne ya 20, hufuatana na maana mstari kwa mstari, kiasi kwamba muziki wake ukiuhamishia shairi jingine hauna kazi.

Mfano mzuri ni wa Mwingereza Benjamin Britten, ambaye mwezi Agosti 1945 alizitungia muziki tisa kati ya soneti takatifu 19, yaani mashairi mafupi ya dini, za John Donne, mshairi na kasisi wa London aliyefariki mwaka 1631. Mwezi mmoja kabla yake Britten alikuwa Ujerumani pamoja na mpiga fidla Yehudi Menuhin, wakiwapigia muziki manusura wa kambi ya mateso ya Wanazi ya Bergen-Belsen. Donne aliandika juu ya dhambi zake mwenyewe, toba na hofu ya kufa. Ukijua Britten alikuwa ametoka wapi, ni vigumu kuyasikia maneno hayo kama kilio cha mtu mmoja tu.

Soneti ina mistari 14 na hoja inayogeuka njiani, kwa hiyo haimpi mtunzi beti za kurudia mahadhi. Katika wimbo wa kwanza, Donne anaiambia nafsi yake nyeusi kwamba imeitwa, na kwamba ugonjwa ndio mpiga mbiu wa mauti. Britten anaanza na piano peke yake ikigonga noti moja ile ile tena na tena, na mwimbaji anapoingia, mbiu imekwisha kulia. Shairi halikueleza mbiu hiyo inasikikaje. Ni mtunzi aliyeamua. Wimbo wa tisa, ambamo mshairi anaikemea mauti isijivune, umejengwa juu ya mstari wa sauti za chini unaorudiwarudiwa, mbinu aliyoipenda sana Henry Purcell, mtunzi wa muziki wa Uingereza aliyefariki mwaka 1695. Karatasini soneti hiyo yaweza kusomwa kama dhihaka ya mtu mwenye hasira. Kwa Britten, nionavyo mimi, imekuwa kauli ya mtu aliyetulia, asiye na haja ya kupaza sauti ili aaminiwe. Peter Pears, mwenye sauti ya juu ya kiume iitwayo tena, aliziimba nyimbo hizo tisa kwa mara ya kwanza jijini London tarehe 22 Novemba 1945, Britten mwenyewe akiwa kwenye piano, siku moja baada ya kutimia miaka 250 tangu kifo cha Purcell.

Uamuzi wa namna hii una gharama. Neno lenye maana mbili likipewa sauti ya huzuni, maana yake ya pili hufifia, na mapigo ya muziki yanaweza kuyameza mapigo ya shairi lenyewe. Goethe, mshairi wa Kijerumani ambaye mashairi yake yametungiwa muziki na watu wengi sana, alipendelea mahadhi sahili yanayorudiwa kwa kila ubeti bila kuyafunika maneno. Mwaka 1816 alitumiwa nyimbo ambazo Schubert alizitunga kutokana na mashairi yake. Zilirudishwa bila jibu.